Miti Tisa ya Atiir Kando ya Tarach

Lodwar
14 Januari 2025

Mama,

Ejok. Najua Nyakong ndiye anayekusomea, kwa hiyo namsalimu na yeye, na namwomba asome polepole, kwa sauti ya juu, upande wa sikio lako la kulia. Simu umeikataa, ukasema inakunong'oneza kama mwizi, basi nimerudi kwenye kalamu. Stephen, tunayekaa naye meza moja ofisini, aliniuliza kama nina mchumba wa zamani asiye na simu. Nikamwambia ni mama, akanitafutia bahasha.

Nina habari. Unajua kazi niliyopewa hapa ni kutafuta namna ya kuokoa miti bila kuwanyima watu chakula. Nimeihangaikia mwaka mzima. Malori yanabeba makaa ya ewoi, migunga yetu ya asili, kila siku. Mathenge nao, ule mti wa miiba wa kigeni, umejaa kila mahali, umemeza malisho, na mbuzi wakila matunda yake wanaoza meno. Halafu wanaochoma makaa si watu wabaya, ni akina sisi. Mimi mwenyewe nilisomeshwa na makaa yako. Ukipiga marufuku, watu wanalala njaa. Ukiachilia, miti inaisha. Ukianzisha mradi kwa kila shida peke yake, pesa zinaishia kwenye semina.

Basi nimeandika ushuru mmoja wa kufanya kazi zote. Gunia la makaa ya miti ya asili litatozwa ushuru mzito. Gunia la mathenge, likiwa na alama ya chama cha ushirika, litapita bure. Watu wataufuata mathenge wenyewe bila kukimbizwa na askari, na malisho yatarudi. Kwa ushuru utakaokusanywa atalipwa kila mwenye ekwar, kipande cha miti kando ya mto, aliyeiacha miti yake imesimama. Umeona? Mbuzi, miti na sufuria, vyote kwa karatasi moja.

Majaribio yanaanza kwenu Kakuma, na ekwar ya kwanza niliyoichagua ni yako. Ile miti tisa ya ewoi uliyoachiwa na mama mkwe wako imezingirwa na mathenge kutoka nyumbani hadi ukingo wa mto Tarach. Vijana wa ushirika watakuja tarehe tatu Februari kuung'oa. Sikukuuliza kwanza kwa sababu ekwar ni yetu sote, na nilijua utafurahi.

Nimekukumbuka sana, mama. Kula vizuri.

Binti yako,
Abei


Kakuma
21 Januari 2025

Abei mwanangu,

Nyakong amesoma barua yako mara tatu. Ya kwanza alikuwa anakohoa, ya pili mteja alikuja kutaka unga, ya tatu ndiyo nimeisikia. Nimeelewa yote isipokuwa hiyo semina.

Mimi mzima, na mbuzi wazima. Lopeyok dereva aliniambia alikuona karibu na stendi ya Lodwar umekonda. Nikamwambia alikuona upande. Lakini kama ni kweli umekonda, acha kuandika kidogo ule.

Habari ya ushuru nimewaambia wanawake wote tunaochota maji pamoja. Nimewaambia umetungwa na msichana aliyekuwa akiogopa kondoo. Nakaale hakuamini, akasema kazi kubwa hivyo hupewa wanaume wenye tumbo. Nikamwambia tumbo litakuja, kazi hiyo amepewa juzi tu. Nina furaha, Abei. Jana nilikuwa nikitembea nikajikuta nacheka peke yangu njiani, watu wakadhani jua limeniingia.

Vijana waje. Nitawapikia chai. Kuhusu mto

(Dada Abei, ni mimi Nyakong. Hapa mama alisema sentensi moja, kisha akaniambia niikate. Nimeikata. Barua ni yake, mimi ni mkono tu.)

Haya basi. Fanya kazi yako vizuri. Usiogope wakubwa, wao pia walizaliwa na wanawake.

Mama yako,
Atiir
kwa mkono wa Nyakong, dukani, Kakuma Moja


Lodwar
12 Machi 2025

Mama yangu,

Picha zimefika ofisini. Kwa kweli niliinuka nikawaonyesha hadi wafagiaji. Mathenge wote umeng'olewa, kuanzia nyumbani kwako hadi kwenye mchanga wa mto, hakuna hata kisiki. Miti tisa imesimama peupe, ile ambayo nilipokuwa mdogo nilikuwa naiona vipande vipande tu katikati ya miiba. Nyasi zimeanza kuota. Vijana wamepata magunia ya makaa ya kutosha, na hakuna hata mmoja aliyegusa ewoi.

Stephen ameandika ripoti na jina lako limo ukurasa wa pili: Bi. Atiir, mwenye miti. Nitakuletea nakala.

Tarehe kumi na tano Mei naiwasilisha sera mbele ya kamati hapa Lodwar. Kutakuwa na mkutano wa wananchi kutoa maoni. Ikipita, ukingo wote wa Tarach utasafishwa vivyo hivyo kabla ya mvua za Oktoba, kisha tutahamia mito mingine. Nitasimama niwaambie: nendeni mkaone kwa mama yangu.

Mbona hujajibu barua ya mwezi uliopita? Au Nyakong amekuchoka?

Wako,
Abei


Kakuma
29 Aprili 2025

Abei,

Mvua imenyesha. Tunashukuru.

Mbuzi wazima. Nyumba iko sawa. Miti iko sawa. Usije sasa, barabara ina matope. Jiandae na mkutano wako.

Nyakong hajanichoka.

Mama yako,
Atiir
kwa mkono wa Nyakong


Kakuma
30 Aprili 2025

Dada Abei,

Barua ya jana niliiandika kwa mkono wangu, na katika kila sentensi yake mkono ulikuwa mzito. Mama aliniapisha nisikupigie simu na nisiongeze neno langu kwenye barua yake. Nimetimiza. Hii si barua yake, ni yangu, na akijua nimeiandika atanirushia kiatu. Nirushiwe tu.

Jumanne ya wiki iliyopita, mchana, mvua ilinyesha huko juu milimani, huku kwetu jua linawaka. Maji ya Tarach yalikuja kwa kishindo kama unavyoyajua. Miaka yote yanapita pale kwa mama, yanachafua, yanaondoka. Safari hii ukingo ulikuwa mtupu. Udongo ulianguka vipande vikubwa, kimoja baada ya kingine, na sisi tumesimama ng'ambo hatuna la kufanya. Miti mitano ya ewoi ilikwenda. Minne imebaki, na mmoja wa hiyo minne mizizi yake iko nje nusu. Nyumba ya mama ilikwenda pia. Yeye alikuwa dukani kwangu, ndiyo maana yuko hai. Sasa analala huku nyuma ya magunia ya unga, na ananiambia kila asubuhi kwamba ninakoroma.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalonikosesha raha. Ile sentensi niliyoikata mwezi wa kwanza, nataka uijue. Mama alisema hivi: "Kuhusu mto, waambie wasing'oe karibu na maji, kwa sababu siku hizi mathenge ndio unaoshika udongo." Kisha akanishika mkono. Akasema, "Kata hiyo. Ofisini wamepima, wao wanajua. Na amefurahi sana, sitaki kumharibia."

Alijua, dada. Vijana walipofika ukingoni aliwapelekea chai, akasimama akawatazama, akarudi. Nilimuuliza mbona hasemi. Akaniambia mtoto akikuletea zawadi huanzi kuipekua.

Mimi si mtu wa sera. Nilikuja hapa kambi ya wakimbizi mgongoni mwa mama yangu, na kuni za kwanza tulizopikia tulipewa na mama yako, akachukua kopo la mahindi badala yake na akatudhulumu kidogo, yeye mwenyewe anakubali. Tangu hapo ni mama yangu. Kwa hiyo nakuandikia kama dada. Ukisimama tarehe kumi na tano ukawaambia watu waende wakaone kwa mama yako, watakuta shimo.

Ni mimi,
Nyakong


Lodwar
5 Mei 2025

Nyakong,

Nimesoma barua yako nikajifungia chooni ofisini mpaka Stephen akaja kubisha. Mama hana nyumba wiki mbili sasa, na mimi nilikuwa hapa nachagua rangi ya jalada la ripoti.

Nilirudi kwenye karatasi yangu kutafuta kosa liko wapi. Liko ukurasa wa nne, nimeliandika mwenyewe: "Ukingo wa mto ni ardhi ya umma, hakuna mwenyewe wa kushauriwa." Mimi niliandika hivyo. Mimi niliyelelewa kwa ngitit, yale matunda ya ile miti, ninayejua kwamba hakuna mti kando ya Tarach usio na mwenyewe, na kwamba mgeni akitaka kuokota hata matunda hupita kwanza nyumbani kuomba. Mzungu angeandika hivyo ningemcheka. Nilifikiri nikishaielewa ekwar sina haja ya kuuliza, na mama akafikiri nikishasoma sina haja ya kuambiwa.

Nilikuwa nimeweka bei kwa mti, nikasahau mahali. Mathenge wa tambarare ni adui. Mathenge wa ukingoni, tangu tumalize miti mingine, ndio ukuta tuliobaki nao. Mimi nimetoza kana kwamba ni kitu kimoja. Nimetibu shida tatu na kuifungulia mlango shida ya nne.

Sasa nakueleza kinachonitisha. Wenye malori ya makaa wana watu wao kwenye kamati. Nikisimama nikisema majaribio yameharibika, watasema ushuru wote utupwe, na ewoi zitaendelea kupanda malori. Nikinyamaza, sera itapita kama ilivyo, ukingo wote utang'olewa hadi juu kwa jirani Lokiru, na mvua za Oktoba zikija miti minne ya mama itafuata ile mitano. Stephen anasema nipitishe kwanza, nirekebishe baadaye. Nimefanya kazi hapa miaka sita, sijaona "baadaye" ikifika.

Nitasema ukweli. Nimeamua. Lakini tafadhali usimwambie mama kwamba najua. Acha nimalize kwanza, halafu nije nimwombe msamaha ana kwa ana. Akijua mapema atatafuta njia ya kunikinga, namjua.

Nimempa Lopeyok turubai, blanketi mbili na majani ya chai. Mwambie zimetoka kanisani.

Dada yako,
Abei


Kakuma
13 Mei 2025

Dada Abei,

Naandika haraka, lori linawashwa.

Ya kanisani hakuamini. Alisema kanisa halijawahi kumpa kitu bila kumpiga picha. Mimi sijamwambia neno. Lakini redio ilitangaza mkutano wenu, Nakaale akaenda kumpigia kelele sikioni, na leo asubuhi mama ameamka akavaa shanga zake zote, hata zile za harusi. Nimemuuliza anakwenda wapi. Ameniambia anakwenda hospitali ya Lodwar kutibiwa masikio. Nikamwambia siku zote masikio hujayataka. Akasema sasa ameyataka.

Sijui anataka kusema nini huko. Barua hii na mama yako vimepanda lori moja. Omba barua itangulie kushuka.

Nyakong


Lodwar
17 Mei 2025

Nyakong,

Barua haikutangulia. Lopeyok aliniletea Ijumaa, akaomba msamaha, akasema mama alimbana njia nzima kwa maswali na akasahau yote.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wenye malori walikaa mbele, wameoga vizuri. Kabla sijaitwa, mwenyekiti aliuliza kama kuna mwananchi mwenye maoni, nikasikia shanga. Nikageuka. Mama yangu yuko katikati ya ukumbi, amesimama wima, mkono juu kama mtoto wa shule.

Unajua anavyosema siku hizi, kwa kuwa hajisikii, sauti yake inafika Lokichar. Alisema: "Mimi ni Atiir. Mto umebomoa kwangu, na mtasikia watu wakisema ni kosa la karatasi hii. Si kweli. Vijana waliniambia ukingoni paachwe, mimi nikawalazimisha wang'oe kwa sababu nilitaka makaa zaidi. Ni tamaa yangu. Karatasi ya binti yangu haina kosa, ipitisheni." Kisha akaketi, akatengeneza shuka yake.

Mwenyekiti alifurahi, maana alikuwa amepewa jibu rahisi. Hata wenye malori walianza kutazamana. Nyakong, ilikuwa inapita. Ningekaa tu kwenye kiti changu, ingepita, na lawama zote zingekwenda kwa mwanamke mmoja wa mtoni ambaye hakuna mtu angemkumbuka.

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, aliyesema sasa hivi ni mama yangu mzazi, na alichosema ni uongo."

Wenye malori wakageuka kumtazama. Mama hakunisikia. Alimwuliza mzee aliyekaa karibu naye, "Amesema nini?" Mzee wa watu akaona haya. Mama akamkazia, ikabidi aseme kwa sauti, sikioni, mbele ya ukumbi mzima: "Amesema unasema uongo." Niliuona uso wake, Nyakong. Sitausahau.

Niliendelea kwa sababu nikinyamaza pale nisingeanza tena. Niliwaambia hakuna kijana aliyemwonya mama, ni mimi niliyeandika wang'oe hadi majini, bila kumuuliza mwenye ekwar. Niliwaambia miti mitano na nyumba vimekwenda. Nikasema ushuru usitupwe, ubadilishwe: gunia la mathenge wa tambarare lipite bure, lakini la mathenge wa ukingoni litozwe kama la ewoi. Kando ya maji mathenge upunguzwe polepole huku miche ya asili ikipandwa katikati yake, na wanaopanda walipwe kwa ushuru uleule, hadi miche ishike udongo yenyewe. Na kisiguswe kitu mpaka mwenye ekwar aulizwe, na jibu lake liandikwe. Wenye malori walipiga kelele kama nilivyotarajia. Mwenyekiti amenipa hadi Septemba kuandika upya, na hadi hapo hakuna kung'oa popote mtoni. Si ushindi, lakini minne imesimama.

Nilipotoka kumtafuta mama, alikuwa ameshapanda lori. Nilikimbilia dirishani. Alitazama mbele. Nilimwita mara mbili, upande wa sikio la kulia. Alinisikia, najua alinisikia.

Tangu nizaliwe sijawahi kumpinga hata chumbani. Je, anakula? Amesema chochote? Niambie hata kama ni kibaya.

Abei


Kakuma
4 Juni 2025

Abei,

Nimekaa na hasira siku tisa. Nyakong anaandika hili kwa furaha, naona anavyotabasamu.

Nilikasirika kwa sababu nilitoka huku nimevaa shanga zote, nikabanwa kwenye lori na magunia, nikaenda kukuokoa, na wewe ukaniita mwongo mbele ya watu wenye suti. Siku ya kwanza nilimwambia Nyakong sina binti. Siku ya pili nilimwambia nina binti lakini ni wa baba yake. Siku ya tano akaniuliza: mama, lakini ulisema uongo au hukusema? Nikamtuma dukani, akanikumbusha kwamba duka ni lake na tumo ndani yake.

Siku ya kumi nilikwenda mtoni peke yangu. Nilikaa nikatazama ile miti minne. Wewe ulisimama ukasema jambo zito huku wenye malori wanakukodolea macho, niliwaona, na mimi mwezi wa kwanza nilikuwa na jambo jepesi la kusema, nimekaa kwenye gunia, nakunywa chai, nikaliacha. Niliogopa kukuharibia furaha. Hicho ndicho kilichobomoa ukingo, mwanangu, si vijana wala si tamaa. Ile miti mitano niliililia njiani nikirudi na lori, lakini nikwambie ukweli, nililia zaidi kwa sababu nilikuona umekonda.

Juzi amekuja huyo Stephen wako pale kwenye ekwar. Ni kijana mpole, viatu vyake havifai. Alisimama mbali, akapiga hodi mahali ambapo hakuna mlango, akasema ametumwa kuuliza mimi kama mwenye ekwar nataka ukingo uachwe wapi. Mimi nimeishi kando ya mto huu tangu nilipoolewa. Wamepita watu wa visima, watu wa miche, watu wa mafuta, watu wa kupima na kamba. Wote walikuja kunieleza. Huyo ndiye wa kwanza kuja na swali. Nilimtembeza mpaka viatu vikafunguka, nikamwonyesha kwa fimbo, hapa, na hapa, hadi pale. Yeye akaandika yote.

Alipoondoka nikagundua sikummalizia. Kwa hiyo andika. Kwa Lokiru, pale mto unapopinda, msiguse hata tawi, kwa sababu chini ni mchanga mtupu na mathenge ule umeyazuia maji ya miaka mingi. Kwa Nakaale ng'oeni wote, kule kuna mwamba, yeye anautetea kwa uvivu tu. Miche msipande mwezi wa sita, mtawalisha mchwa. Esekon, ule mti wa miswaki, ndiyo itangulie, inashika haraka kuliko ewoi, na mbuzi hawaipendi ikiwa changa. Na hapo chini penye daraja kuna wajane wawili ambao ekwar yao imeandikwa jina la shemeji. Msimuulize shemeji.

Bado nina ya mito mingine, na ya nyasi, na ya mbuzi, lakini Nyakong analalamika mkono unamuuma na wateja wamejaa mlangoni. Njoo wewe mwenyewe na kalamu yako.

Mama yako,
Atiir